Ford F-150 EcoBoost 3.5 na karavani ya futi 26: kuvuta inaweza, kubeba ndiko kunakoisha mapema

Kwenye tangazo la Ford F-150 za 2021 hadi 2023 zenye injini ya EcoBoost ya lita 3.5, namba inayong'arishwa ni ratili 14,000 za kuvuta. Ratili ndiyo ile lb ya vibao vya Marekani: moja ni gramu 454, kwa hiyo hapo tunazungumzia kilo 6,350. Namba itakayoamua safari yako haiko kwenye tangazo. Imebandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, kibao chenye fremu ya njano, kinachosema jumla ya watu na mizigo isizidi kiasi fulani. Kwa F-150 ya milango minne, 4x4, yenye viti vya ngozi na paa la kioo, kiasi hicho mara nyingi ni kati ya ratili 1,400 na 1,700.

Tathmini hii ni ya gari hilo likivuta karavani, yaani nyumba ya magurudumu, ya futi 25 au 26 ambayo ikishapakiwa inakaribia ratili 7,000. Ndiyo jozi ambayo familia nyingi Marekani na Kanada huanza nayo. Wamarekani huziita pikapu za daraja hili "nusu tani", jina lililobaki tangu enzi ambapo gari la namna hiyo lilihesabiwa kubeba ratili 1,000. Leo zote zinabeba zaidi ya hapo, lakini si kwa wingi kama umbo lake linavyomfanya mtu afikiri.

Zile 14,000 si uongo. Zinatokana na kanuni ya SAE J2807 ya chama cha wahandisi wa magari, ambayo pikapu hupimwa nayo kwenye mlima wa Davis Dam, Arizona: maili 11.4 za kupanda kwenye joto, kiyoyozi kikiwa kimefunguliwa, na gari haliruhusiwi kushuka chini ya maili 40 kwa saa. Ila kanuni hiyo inahesabu watu wawili tu wa ratili 150 kila mmoja, na bodi ya nyuma haina kitu. Halafu mwongozo wa Ford unaweka ukomo wa eneo la uso wa trela, yaani ule ukuta unaopigwa na upepo: futi za mraba 60. Karavani yenye upana wa futi 8, urefu wa futi 10 na zaidi kwenda juu, na kiyoyozi kichwani, inaupita ukomo huo bila shida. Uzito wake uko chini ya nusu ya unaoruhusiwa, lakini upepo wake umeshazidi.

Chukua kibao kinachosema 1,560. Karavani imepakiwa na ina ratili 6,800. Sehemu ya uzito wake inaegemea kiungo cha pikapu kupitia shingo ya trela, na sehemu hiyo inatakiwa iwe kati ya asilimia 10 na 15. Weka 13: ni ratili 884. Kiungo chenyewe cha kusambaza uzito, ambacho tutakieleza chini, ni kama 90. Baba na mama, 340. Watoto wawili, 150. Jumla 1,464. Umebakiwa na ratili 96 za kasha la barafu, baiskeli, kuni, mbwa na jenereta. Jenereta ndogo ya Honda EU2200i peke yake inakaribia 47, bado hujatia mafuta. Kifuniko cha bodi ulichofunga dukani nacho kinatoka humo humo, kwa sababu kibao kiliandikwa gari likitoka kiwandani.

Wengi huanguka kwenye hesabu ya shingo. Kipeperushi cha karavani kinasema shingo ina ratili 620, mnunuzi anafurahi. Uzito huo ni wa trela tupu, mara nyingi bila betri na bila gesi. Mitungi miwili ya gesi ya ratili 20, ikijaa, kila mmoja ni kama ratili 37, na inakaa juu ya shingo yenyewe. Betri ni 50 hivi, nayo iko hapo hapo. Kisha mbele kuna sanduku la kuhifadhia vitu, na kila mtu hulijaza. Ukifika kambini zile 620 zimeshakuwa 850 au 900. Tangi la maji safi la galoni 50 likijaa ni ratili 417 nyingine. Likiwa mbele ya ekseli linaongeza mzigo wa shingo, likiwa nyuma linaupunguza, kwa hiyo chungulia chini ya trela ujue liko wapi kabla hujalijaza.

Hapa ndipo kosa la hatari hufanyika. Mtu akigundua kibao kimejaa, anahamisha mizigo kuipeleka nyuma ya karavani ili shingo iwe nyepesi. Hesabu inakaa sawa, barabara inakataa. Shingo ikishuka chini ya asilimia 10, trela inaanza kupiga mkia: lori likiipita, upepo unasukuma nyuma, trela inarudi upande wa pili kwa nguvu kubwa zaidi, na kila mzunguko unauzidi uliopita. F-150 ina mfumo wa kudhibiti kuyumba unaopunguza nguvu ya injini na kukaza breki yenyewe, na ni msaada wa kweli. Lakini kazi yake ni kukuokoa siku ya dharura. Mpangilio mbaya wa mizigo hauwezi kuurekebisha. Trela ikianza kuyumba, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani bila kuuzungusha, na ubane kwa mkono kidhibiti cha breki za trela, kilicho kwenye dashibodi, peke yake. Usikanyage breki ya gari kwa nguvu.

Usikadirie. Nenda mizani. Vituo vya malori Marekani na Kanada vina CAT Scale, na wenzetu wanaoendesha malori makubwa huko wanaijua kama nyumbani. Sahani zake ni tatu: magurudumu ya mbele ya pikapu kwenye ya kwanza, ya nyuma kwenye ya pili, trela kwenye ya tatu. Pima mara tatu ukiwa umepakia kama unavyosafiri, familia nzima ikiwa ndani. Mara ya kwanza kiungo kikiwa kimekazwa. Mara ya pili legeza fito za springi za kiungo hicho, ukae pale pale. Mara ya tatu ni pikapu peke yake, trela umeiegesha. Chukua sahani mbili za kwanza za kipimo cha pili, toa uzito wa pikapu peke yake, umepata mzigo halisi wa shingo. Ekseli ya nyuma ilinganishe na ukomo wake ulioandikwa mlangoni. Kupima tena siku hiyo hiyo kwenye mizani ile ile kunalipiwa kidogo kuliko mara ya kwanza.

Injini sasa, na hapa sifa zinastahili. Nguvu za farasi 400 na futi-ratili 500 za msokoto, zinazofika kwenye mizunguko 3,100 tu kwa dakika. Hiyo 3,100 ndiyo inayofanya gari liwe tulivu. Kwenye tambarare, maili 62 kwa saa, giaboksi la gia 10 linatulia kwenye mizunguko ya 2,000 hivi, na kilima kidogo hakiliondoi hapo. V8 ya lita 5.0 ya Ford ile ile nayo ina farasi 400, lakini msokoto wake ni 410 na unapatikana juu, kwa hiyo kilima kile kile kinaitoa mlio wa mizunguko 4,500 na watoto nyuma wanaacha kusikilizana. Tofauti inakuwa kubwa zaidi milimani. Injini isiyo na turbo inapoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000 za mwinuko. Barabara ya I-70 Colorado inapanda hadi handaki la Eisenhower, zaidi ya futi 11,000, ambako V8 imebakiwa na theluthi mbili za nguvu zake. Turbo mbili za EcoBoost zinafidia hewa iliyopungua, na gari linapanda karibu kama lilivyokuwa chini.

Kushuka ni habari nyingine. Injini ya lita 3.5 ni ndogo, kwa hiyo uwezo wake wa kulizuia gari kwenye mteremko ni mdogo kuliko wa V8 au dizeli. Washa hali ya kuvuta kabla ya kilele, si baada. Kanyaga breki kwa uthabiti hadi kasi ipungue maili 5 hivi, achia, giaboksi litashusha gia lenyewe na kushikilia. Likianza kuongeza kasi, rudia. Anayeegemeza mguu kwenye breki mteremko mzima atafika chini diski zinanuka na kanyagio laini.

Mafuta: tarajia maili 8 hadi 11 kwa galoni, na upepo wa mbele unaweza kukupeleka chini ya 8. Ni ule ukuta tuliousema, kwa hiyo kutoka maili 70 hadi 62 kwa saa kunaokoa zaidi ya kupunguza mizigo. California inakuamulia: anayevuta trela haruhusiwi kuzidi maili 55. Tangi la galoni 36 ni la kutafuta kwa makusudi wakati wa kununua. Kwa maili 9 kwa galoni linakupa kama maili 270 ukiacha akiba, huku tangi la galoni 26 likikulazimisha kuingia vituo vidogo ambamo karavani haigeuki. Kuhusu petroli, injini inakubali ya oktani 87, lakini Ford wenyewe wanashauri ya daraja la juu kwa kazi nzito kama kuvuta. Siku za joto na milima, fuata ushauri huo. Injini ikihisi petroli inalipuka ovyo ndani ya silinda inapunguza nguvu ili kujilinda, na utaihisi.

Kiungo ndicho kipengele ambacho wauzaji hukipitia haraka kuliko vyote. Chungulia chini ya bampa kuna kibao kingine: bila kusambaza uzito, ukomo ni trela ya ratili 5,000 na shingo 500. Yetu ni 6,800 na 884. Kwa hiyo kiungo cha kusambaza uzito si anasa kwenye gari hili, ni sharti. Kiungo cha chapa ya Equal-i-zer kinafaa kazi hii vizuri. Kina fito mbili za chuma zinazofanya kazi kama springi: zinainua mkia wa pikapu, zinarudisha uzito kwenye magurudumu ya mbele, na kiasi zinausukuma kwenye ekseli za trela. Kuyumba kunazuiwa kwa msuguano wa sehemu nne, mbili kwenye soketi za kichwa na mbili pale fito zinapokalia mabano. Huhitaji kuzifungua fito unaporudi nyuma, na hilo kambini ni neema. Daraja la 10,000 kwa 1,000, yaani ratili za trela kwa ratili za shingo, linatosha kwa shingo ya 884. Mizigo mizito iliyo nyuma kabisa ya bodi nayo inahesabika, kwa hiyo ukiwa na jenereta na kuni mlangoni panda hadi 12,000 kwa 1,200. Usipande zaidi kwa kufikiri kubwa ni bora: fito ngumu kupita kiasi zinaipiga shingo ya trela kwenye kila shimo.

Kasoro yake ni kelele. Kwenye kona za polepole kinalia kama mlango wa boma. Paka grisi kwenye soketi kila siku ya safari, lakini mabano yanakokaliwa na fito yaache, maana msuguano wa pale ndio unaolipia. Vipo vifuniko vya kuvaa kwenye mabano vinavyopunguza sauti. Anayeitaka kimya tangu mwanzo aangalie Blue Ox SwayPro, ya minyororo.

Kukipanga kunahitaji futi ya kupimia na uwanja ulio sawa. Pima kutoka ardhini hadi ukingo wa madigadi ya mbele, pikapu ikiwa peke yake. Tuseme inchi 37. Unganisha trela bila fito, pima tena. Mbele imeinuka, tuseme 38. Kaza fito hadi ifike 37 na nusu. Kwa F-150 mwongozo unataka urudishe takriban nusu ya kilichoinuka, si chote. Wengi hukaza hadi mbele irudi pale pale, wakidhani wamefanya vizuri zaidi, kumbe wameinyang'anya ekseli ya nyuma uzito wake, na kwenye kona yenye mvua nyuma ndiyo inayoteleza. Ikiwa huwezi kufikia nusu, ongeza zile pete za chuma (washa) ili kichwa cha kiungo kiiname zaidi kuelekea trela, au pandisha mabano tundu moja. Unapoweka fito, tumia jeki ya trela kuinua shingo na mkia wa gari pamoja, ukiwa umeshafunga kufuli la tufe. Fito zikiingia kwa kupigana nazo kwa mtalimbo, hujainua vya kutosha. Mwisho simama kando utazame: trela iwe sawa au pua imeinama kidogo. Pua ikitazama juu, kichwa kiko juu mno. Kishushe tundu moja kwenye nondo yake na uanze vipimo upya.

Kidhibiti cha breki za trela kinakuja ndani ya dashibodi na ni kizuri kuliko vingi vya kufunga nje, kwa sababu kinasoma shinikizo la breki za gari lenyewe. Kwanza kiambie aina ya breki: karavani nyingi ni za umeme. Kisha kwenye lami tupu, maili 20 hadi 25 kwa saa, bana kile kidhibiti cha mkono. Ongeza kiwango mpaka magurudumu ya trela yajifunge, rudi chini kidogo, hapo ndipo pako. Rudia breki zikishapata moto, na tena ukipakia tofauti. Minyororo ya usalama ivuke msalaba chini ya shingo. Waya wa breki ya dharura ufungwe kwenye chuma cha gari, kamwe usifungwe kwenye minyororo, maana kiungo kikikatika unataka ule waya uvutike.

Matairi yanastahili macho yako zaidi ya injini. F-150 nyingi zinatoka na matairi ya daraja la abiria, yenye mashavu laini. Lori likikupita, gari linaelea kwanza halafu ndipo linafuata usukani, na watu huilaumu karavani. Matairi ya LT, yaani ya pikapu za mizigo, yaliyojazwa upepo inavyotakiwa yanaondoa sehemu kubwa ya hisia hiyo, ingawa safari tupu inakuwa ngumu kidogo. Upande wa trela, ST225/75R15 ya daraja D inabeba ratili 2,540 kwa psi 65, ya daraja E 2,830 kwa psi 80. Jaza hadi kiwango kilichoandikwa ubavuni, asubuhi yakiwa baridi. Soma tarehe: tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT ni wiki na mwaka. Tairi la miaka sita linalong'aa bado ni tairi la miaka sita.

Vioo vya pembeni vya kawaida havitoshi kwa trela ya futi 8; tafuta gari lililotoka na vioo vinavyovutwa nje. Vile vya kubandika vinatetemeka hadi huoni kitu. Kati ya urefu wa magari haya, lenye inchi 157 kutoka ekseli hadi ekseli linatulia kuliko la 145, na ukiwa na uchaguzi lichukue hilo, hata kama kuegesha mjini kutakuudhi. Kitufe cha kurudisha trela nyuma, ambacho unakizungusha uelekeo unaotaka trela iende na usukani unajizungusha wenyewe, kinamsaidia kweli anayeanza.

Anayenunua lililotumika, la 2017 hadi 2020, aliwashe likiwa limelala usiku kucha. Sauti ya mkwaruzo ya sekunde mbili tatu upande wa mbele wa injini ni dalili ya kuchakaa kwa vifaa vya kurekebisha kemshafti, mhimili unaofungua vali. Ford walikuwa na mpango wa kulishughulikia hilo kwa miaka hiyo, kwa hiyo uliza karatasi za matengenezo. Vifaa hivyo vikiwa bado vinalia, punguza bei au ondoka.

Wenye kutaka umeme kambini waangalie ndugu yake wa mseto, PowerBoost: farasi 430, msokoto 570, na soketi kwenye bodi za kilowati 2.4, au 7.2 kwa kuongeza fedha, zinazoendesha kiyoyozi cha karavani bila jenereta. Ila betri yake inakula ratili za kile kibao cha mlangoni, ambazo hazikuwa nyingi tangu mwanzo. Kwa karavani yetu ya 6,800 na watoto wawili, EcoBoost ya viti vya kitambaa na kibao cha 1,700 inaishinda PowerBoost yenye mapambo yote. Ukiwa na watoto wanne au karavani ya ratili 8,500, acha kabisa daraja hili uende kwenye F-250, pikapu nzito zaidi ya Ford.

Na siku ya kwanza, baada ya magurudumu ya trela kufungwa upya, simama maili ya 10, ya 25 na ya 50 ukaze nati tena kwa spana ya kipimo, futi-ratili 90 hadi 120 kwa bolti za nusu inchi. Habu na rimu bado zinakaliana, na nati iliyokazwa gereji inalegea bila kulia.